Mtoto Aliyemwita Mpishi

Wahenga walisema si kazi kulea mimba, kazi kulea mwana, na kwa hilo nawavulia kofia. Lakini wapo wengine wanaosema kila mtoto huja na riziki yake, na hao ningependa siku moja waniletee huyo mtoto nimwone. Mimi nimezaa wanne, wote wa kiume, na hakuna aliyetoka ameshika hata kijiko. Walikuja mikono mitupu na midomo wazi, na midomo yenyewe haikufunga mpaka walipoota ndevu.

Kwa hiyo nikisema habari za mwenzangu, sisemi ya kusikia. Tumefanya kazi jiko moja, shule ya bweni ya wasichana, yeye akipika na mimi nikiosha masufuria. Kazini tulimwita Mwiko. Mwiko wa lile jiko ulikuwa mrefu kuliko yeye, na ni yeye peke yake aliyeweza kuukoroga nao uji wa asubuhi, mwanzo mpaka mwisho, bila kutua kupumzika. Alikuwa mfupi na mwembamba, ila mikono ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mtu mwenye miraba minne. Alikuwa na utani mwingi, na aliweza kumwigiza Mwalimu Mkuu anavyoonja maharage mpaka mimi nashika mbavu. Nasema haya mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya umdhanie kuwa mtu wa huzuni tangu kuzaliwa, na hakuwa.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti. Baba wa mtoto alipiga hesabu ya maziwa, nepi na dawa za homa, akaona hesabu haimlipi, akaondoka kabla mtoto hajaota jino. Nilimwambia Mwiko kwamba mwanamume yule alikuwa na akili ya hesabu kuliko sisi wote. Akacheka. Akasema, "Ila hakujua kujumlisha. Alijua kutoa tu."

Alimlea peke yake, akipika kwenye nyumba za watu, mtoto mgongoni, baadaye mtoto chini ya meza, baadaye mtoto mlangoni na daftari mapajani. Gharama za mtoto kubwa kubwa kila mtu anazijua: ada, sare, daktari. Zinazokuua ni zile ndogo ambazo hakuna aliyekuonya. Mguu wa mtoto, kwa mfano, hauna huruma. Unanunua viatu leo, umejinyima, umefurahi, na mguu unaendelea kukua usiku ule ule kana kwamba haukusikia bei. Penseli hupotea. Sweta huachwa uwanjani. Mtoto wa jirani ana siku ya kuzaliwa na wako hawezi kwenda mikono mitupu. Mwiko alizilipa zote, kwa mikono ile, na sikuwahi kumsikia akimwambia mtoto "unanimaliza", neno ambalo mimi wangu wanne walilisikia kila wiki.

Mambo yalibadilika binti alipofaulu mtihani wa kwenda sekondari. Alifaulu vizuri mno, na hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa maana angefaulu kidogo angekwenda shule ya karibu na nyumbani, ya bei ya kawaida, na mimi nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Akachaguliwa shule ile ile tuliyokuwa tukipikia, na ada yake ilikuwa ya watu wenye magari.

Mwiko alivua aproni, akaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu, akapiga magoti. Alinihadithia mwenyewe. Mwalimu Mkuu alikuwa mama mtu mzima, mkali, lakini si mbaya. Akamwambia ainuke, sakafu ina vumbi. Akamwambia pia kwamba bodi ya shule ilikuwa imekataza watoto wa wafanyakazi wa jikoni kusoma pale, tangu mpishi mmoja wa zamani alipofukuzwa kwa kuwawekea wanawe nyama ambayo wengine hawakuipata. Wazazi walikuwa wamekuja juu kwelikweli.

"Nitamchukua," Mwalimu Mkuu akasema. "Nusu ya mshahara wako itakatwa kila mwezi mpaka amalize. Lakini wewe na yeye hamjuani. Jikoni asikanyage, bwenini usikanyage. Ikijulikana tu, mimi na wewe wote tunafunga virago."

Mwiko akakubali kabla sentensi haijaisha. Akarudi nyumbani, kwenye chumba chake cha kupanga, akamkalisha binti kitandani akamweleza. Mtoto alisikiliza vizuri. Alikuwa mtoto wa kusikiliza, wa wale ambao ukiwaambia jambo mara moja inatosha, na siku hizi nafikiri ingekuwa heri angekuwa mkaidi kama wangu.

"Sasa nitakuita nani?" akauliza.

"Niite mpishi."

"Na likizo je?"

"Likizo niite unavyotaka, mwanangu."

Sasa nieleze jambo moja ili unielewe kwa nini niligombana na mwenzangu. Wale wasichana wote, mia kadhaa, walipokuja na sahani zao kwenye dirisha la chakula, walimwita Mwiko mama. Ndivyo mtoto mwenye adabu anavyomwita mwanamke mzima. "Shikamoo, mama." "Mama, niongeze kidogo." "Mama, leo maharage yameungua?" Mama huku, mama kule, mpaka foleni inakwisha. Halafu anafika huyu mmoja, mwenye macho kama ya Mwiko na kidevu kama cha Mwiko, anainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mpishi."

Siku ile ile ya kwanza nilimvuta mwenzangu nyuma ya stoo. Nikamwambia, "We mwanamke, una wazimu? Shule nzima inakuita mama. Wako naye akikuita hivyo, nani atajua?"

Akanitazama kama mtu aliyekwisha kuliwaza jambo akalimaliza. "Wale wanasema tu," akajibu. "Yeye ataita kwa sauti ya kuniita mimi. Watu watasikia."

Nilikuwa na wanne nyumbani, nilijua anachosema.

Lakini hakuishia kwenye neno. Hofu ikishampata mtu humpeleka mbali kuliko alikotumwa. Mwiko alianza kumpakulia binti yake chakula kidogo kuliko wengine. Si kwa wingi wa kuonekana na wenye foleni, ila mimi niliyesimama nyuma niliona. Upawa ukifika kwenye sahani ile unatikisika kidogo, maharage mawili matatu yanarudi sufuriani. Nyama alimpa mfupa. Nikimuuliza anasema, "Nikimpa sawa na wenzake mkono utanisaliti utamzidishia. Heri nimpunguzie nijue nimempunguzia." Mtu aliyekesha akikoroga chakula cha watoto wa wenzake, na wake ndiye aliyekula kidogo kuliko wote katika shule ile. Nilikasirika naye kwa hilo na sijaacha kukasirika.

Mwaka wa pili binti akashikwa na homa kali, akalazwa kwenye chumba cha wagonjwa bwenini. Habari ilitufikia kwa msichana aliyekuja kuomba maji ya moto. Mwiko alikuwa juu ya kigoda mbele ya sufuria, akikoroga. Hakusimamisha mwiko. Alikoroga mpaka ukaiva, akachota uji kwenye bakuli la bati, akatia sukari yake mwenyewe, si ya shule, akanipa.

"Nenda wewe," akasema. "Wewe huna mtoto hapa."

Nilikwenda. Binti alikuwa amelala ameelekea ukutani, blanketi hadi masikioni. Muuguzi wa shule alikuwa ametoka. Nikamwambia nimeleta uji.

"Mpishi kasemaje?" akauliza, bila kugeuka.

"Kasema unywe wote."

"Hana muda wa kuja?"

Nikamwambia, "Mwanangu, unajua vizuri kwa nini haji."

"Najua," akasema. "Ila kujua hakunisaidii sasa hivi."

Uji aliuacha ukapoa. Nilirudi jikoni na kumwambia mwenzangu kwamba mtoto amekunywa wote na amelamba bakuli. Alifurahi, akageuka upande wa moshi akafuta macho, akasema kuni za leo ni mbichi.

Miaka ya shule ni mirefu ukiwa unailipia. Nusu ya mshahara ilikwenda ofisini kabla hajaiona, na nusu iliyobaki ilikuwa na kazi ya kulipa chumba, sabuni, madaftari, pedi, nauli, ada ya mtihani, na michango ambayo shule haikukosa kuibuni. Jumapili alifulia walimu nguo. Alikiuza kitanda akalala kwenye mkeka, akaniambia mgongo wake unapenda mkeka. Alipoumwa jino aliling'oa, na lililofuata pia, kwa sababu jino la kung'oa ni rahisi kuliko jino la kuziba. Kulikuwa na mwashi mmoja aliyekuja kujenga bweni jipya, mjane, mtu wa heshima na wa mzaha kama yeye. Alimtaka kwelikweli. Mwiko alimwambia asubiri binti amalize kwanza. Mwashi alisubiri mpaka bweni lilipoezekwa, kisha akaenda kujenga pengine akaoa huko. Simlaumu. Bweni lilichukua muda mrefu.

Na binti je? Binti alikuwa akipaa. Alisoma kwa bidii ya kutisha, Kiingereza chake kikawa cha redioni, akapata marafiki wa nyumba kubwa. Walipomuuliza kwao, aliwaambia mama yake anafanya kazi mbali, na ukiutazama sana huo haukuwa uongo, kwa maana kutoka darasani mpaka jikoni kulikuwa na safari. Likizo za kwanza alikuja kwenye chumba cha mama yake akaita mama mpaka majirani wakachoka kusikia. Baadaye alianza kualikwa kwa rafiki yake mmoja, wiki ya kwanza ya likizo, kisha wiki mbili. Mwiko alimruhusu. Alifurahi hata, akasema huko atakula vizuri. Na alipokuja nyumbani, nilimsikia kwa masikio yangu, hakumwita mama wala mpishi. Alikuwa akianza tu kuongea. "Samahani, naomba kitana." "Unajua nini?" Neno lenyewe lilikuwa limemkwama mahali fulani kati ya shule na nyumbani.

Mwiko alilijua hilo. Aliniambia, "Siku ada ikiisha litarudi." Akawa anaingoja siku hiyo kama wengine wanavyongoja mvua. Hakutaka kingine. Hakutaka kununuliwa nguo, hakutaka kujengewa nyumba. Alitaka siku moja asimame mbele ya wale watu, kwenye uwanja ule, mtoto wake amwite kwa sauti ile.

Siku ikafika. Wiki ya mahafali Mwalimu Mkuu alimwita ofisini, akampa mkono. "Umemaliza," akamwambia. "Siku ya mahafali njoo kama mzazi, upitie geti la mbele. Atakayeuliza mwambie aje kwangu, na mimi nastaafu, wanifanye watakalo."

Tulimpokea kazi zote siku hiyo. Alivaa gauni la kijani ambalo lilikuwa limekaa sandukuni mpaka mikunjo yake haikubali pasi, na viatu vyangu, vilivyomzidi, tukajaza karatasi mbele. Alitia mafuta usoni mpaka akang'aa. Nilimtania kwamba akikaa juani ataiva. Hakucheka vizuri.

Hotuba zikaisha, wasichana wakatoka kwenye mistari yao wakaenda kwa wazazi. Mimi nilikuwa nazunguka na sinia la soda, na nasema kweli, nilijipanga makusudi niwe karibu. Nilimwona Mwiko akivuka uwanja kwa hatua fupi, kwa ajili ya viatu. Binti alikuwa amesimama na yule rafiki yake wa likizo na mama wa rafiki, mwanamke wa mkoba mkubwa na manukato. Walikuwa wakipigwa picha. Mwiko akafika, akasimama mbele yao, mikono ikiwa imeanza kufunguka.

Binti akamwona. Uso wake ukabadilika, na mpaka leo sijui ulibadilika kuwa nini.

Mwenye mkoba akageuka na kutabasamu. "Na huyu ni nani, mwanangu?" akamuuliza binti.

Binti akafungua mdomo.

Ilikuwa muda mfupi tu, muda wa mtu kuvuta pumzi. Lakini Mwiko alikuwa amezoea kulipa kabla hajadaiwa. Aliona yule mtoto kasimama pale mdomo wazi mbele ya watu wazuri, akaona amebanwa, akafanya alichofanya maisha yake yote.

"Mimi mpishi wa hapa, mama," akasema. "Nimekuja kumuaga binti."

"Oo, jamani! Ahsante sana kwa kutulishia watoto," akasema mwenye mkoba, na kwa moyo mzuri kabisa akafungua mkoba, akatoa noti, akamtilia mkononi. Mwiko aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama adabu inavyotaka. Binti alifunga mdomo. Alitazama chini, kwenye vile viatu. Mimi sinia liliniinama nikavunja chupa mbili, zikakatwa kwenye mshahara wangu.

Jioni nilimsaidia binti kubeba sanduku lake la bati mpaka nyumbani. Mwiko alitangulia mbele kwa hatua zake fupi. Tulipoingia chumbani binti alikaa juu ya sanduku, bado na sare, akamtazama mama yake akivua viatu vyangu na kutoa zile karatasi.

"Kwa nini ulinijibia?" akauliza.

Mwiko akasema, "Nilikuona umekwama, mwanangu."

"Sikukwama."

"Basi yameisha. Hakuna aliyejua, usijali."

"Mimi nilitaka wajue!" Alipiga kelele mpaka chumba cha pili redio ikapunguzwa. "Nilikuwa nasema! Nimekaa wiki nzima usiku najifundisha kulisema, nilikuwa nimeshafungua mdomo, na wewe ukaniwahi. Umenilipia kila kitu. Kila kitu! Hata hilo umeshindwa kuniachia nilipe mwenyewe?"

Mwiko alisimama na kiatu mkononi. "Sikujua," akasema.

"Hukusubiri ujue."

Nilitaka kutoka lakini sanduku na binti walikuwa wameziba mlango. Mwiko akasogea, akainama mbele yake, akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia jikoni, "Basi niite sasa."

Binti alikuwa akilia kamasi zinamtoka kama mtoto mdogo. Akatikisa kichwa. "Sasa halina maana. Tuko sisi tu."

Hayo ni ya siku nyingi. Binti alipata mkopo wa masomo, akasoma, sasa anafanya kazi katika ofisi ya mji mwingine, ana meza na simu yake. Si mtoto mbaya, na atakayesema ni mbaya nitamjibu mimi. Hutuma pesa kila mwezi. Hupiga simu kila Jumapili, na katika simu hiyo husema mama, mama, mama, kila baada ya maneno mawili, mno, kama mtu anayelipa deni kwa vipande vidogo vidogo. Mwiko huishika simu kwa mikono miwili. Ikikatwa, anabaki ameishika.

Mwiko alinunua kitanda tena. Kazi hakuacha, ingawa angeweza. Anasema atafanya nini nyumbani. Asubuhi tunakaa kwenye magunia, tunachambua maharage kabla ya kuyaloweka, mawe upande huu, mabovu upande ule. Hapo ndipo huniuliza. Si kila siku. Wakati mwingine unapita mwezi nadhani amesahau, halafu mkono wake unasimama juu ya ungo.

"Wewe ulikuwepo," ananiambia. "Ulikuwa karibu nasi. Alipofungua mdomo siku ile, alikuwa ananiita?"

Mimi nilikuwepo, ni kweli, na nilimtazama yule mtoto usoni. Niliona mdomo umefunguka. Zaidi ya hapo Mungu ndiye anayejua, na labda hata binti mwenyewe hajui tena.

"Alikuwa anakuita," namwambia. "Nilimwona."

Ananitazama usoni muda mrefu, anatafuta kitu. Kisha anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye maharage, na najua hakuniamini, kwa sababu ataniuliza tena.